Mtungi wa kupigia mbizi: uupime pamoja na risasi ya kukuzamisha

Chukua mtungi wa hewa wa alumini wa lita 11, ule unaokutana nao kwenye vituo vingi vya kupiga mbizi kuanzia Watamu hadi Mafia. Ukiwa umejaa, uachie baharini: unazama. Ukiwa mtupu, uachie tena: unaibuka kitako juu, kama dumu. Mtungi ni uleule na valvu ni ileile. Kilichotoka ni hewa tu, na hewa hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Asiyelijua hili huchagua mtungi kwa kuunyanyua dukani, kisha kila mbizi dakika za mwisho zinamtesa: anataka kutulia mita 5 apumzike kabla ya kupanda, na mgongo unamvuta juu.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Ndani ya mtungi huo mna nafasi ya lita 11.1. Alumini yenyewe ina kilo 14.2, na kwa kuwa lita moja ya alumini ni kilo 2.7, ukuta wa mtungi unachukua lita 5.3 nyingine. Jumla unasukuma pembeni lita 16.4 za maji. Lita moja ya maji ya bahari ni kilo 1.025, kwa hiyo bahari inaubeba kwa kilo 16.8. Mtungi na valvu yake ni kilo 15 hivi, basi ukiwa mtupu unaelea kwa karibu kilo 2. Ukiujaza hadi baa 200 (baa ni kipimo cha presha; hewa ya kawaida usawa wa bahari ni kama baa moja) umeingiza lita 2,220 za hewa, na kila lita elfu moja ni kilo 1.2: kilo 2.7. Sasa unazama, lakini kwa chini ya kilo moja tu.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mtungi wa chuma wa lita 12 wa baa 232. Chuma ni imara na kizito kuliko alumini, kwa hiyo ukuta wake ni mwembamba: kilo 14 za chuma hazifiki hata lita 2. Mtungi mtupu unazama kwa karibu robo tatu ya kilo, na ukijaa unazama kwa kilo 4. Hauelei wakati wowote. Tofauti kati yake na ule wa alumini, yote miwili ikiwa mitupu, ni kilo 2.5 hadi 3, na hizo ndizo kilo za risasi, yaani vipande vizito vya mkandani vya kukusaidia kuzama, unazozivua kiunoni ukihamia chuma.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasikia "chuma" wanadhani ni mzigo, wanasikia "alumini" wanadhani ni wepesi. Nchi kavu, mitungi hii miwili ikiwa imejaa ina karibu kilo 18 kila mmoja. Lakini mwenye alumini anabeba na risasi za ziada za kuuzuia usielee. Anayehitaji mkanda wa kilo 6 na alumini, atazamia na kilo 3 au 3.5 akivaa chuma. Kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakipwa boti inakaa mbali na unatembea na vifaa mgongoni juu ya mwamba na mwani. Huko kilo 3 si jambo dogo.

Hata hivyo simshauri kila mtu akimbilie chuma. Maji yetu yana joto, wengi wanavaa suti ya mpira ya milimita 3, isiyoelea sana kama ile nene, au fulana nyepesi tu, na mtu mwembamba mwenye misuli pengine anahitaji kilo moja au mbili za risasi. Mpe huyo chuma cha lita 15, atakuwa mzito hata bila risasi, na jaketi lake la kuelea, lile linalotiwa hewa, litabaki limejaa mbizi nzima ili kumshikilia. Jaketi likipasuka au likivuja, hana cha kukitupa apate wepesi, maana uzito wake wote uko kwenye mtungi anaopumulia. Mtu wa namna hiyo alumini inamfaa sana. Chuma kimwendee mwenye mwili unaoelea, au anayevaa suti ya milimita 5 kwa sababu anasikia baridi.

Kuhusu ukubwa, usiulize mtungi una lita ngapi kabla hujajua wewe unavuta lita ngapi. Mtu wa kawaida ambaye bado hajatulia majini huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kila mita 10 zinaongeza baa moja, kwa hiyo mita 18 presha ni baa 2.8 na anavuta lita 56. Ukiacha akiba ya baa 50, mtungi wa lita 11.1 una lita 1,665 za kutumia: dakika 30 hivi. Chuma cha lita 12 kikijazwa kweli baa 232 kinampa dakika 39. Lakini aliyetulia, anayevuta lita 15, anafika dakika 39 na alumini yake ileile. Kabla ya kununua mtungi mkubwa, jifunze kupumua polepole na kupunguza risasi usizozihitaji, kwa sababu uzito wa bure ndio unaokufanya upige mapezi bila kukoma.

Hizo baa 232 nazo ziulizie. Kompresa (mashine ya kujazia hewa) ya kituo kilichozoea alumini mara nyingi husimama baa 200 hadi 210, na kwa kiwango hicho umenunua nafasi ambayo hutajaziwa. Tena mtungi uliojazwa haraka hutoka wa moto. Ukisoma baa 200 ukiwa nyuzi joto 55, ukipoa hadi 28 geji itasoma kama 183. Hakuna aliyekuibia, hewa imepoa tu.

Urefu unasumbua watu wafupi kuliko wanavyodhani. Alumini hii ina sentimita 66 bila valvu. Kwa mtu mfupi, aidha kitako kinampiga makalio, au akiuinua, regyuleta (kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye valvu) inamgonga kisogo kila akiangalia mbele. Mitungi ya chuma ya lita 12 huja ya aina mbili: mirefu yenye kipenyo cha sentimita 17 hivi, na mifupi minene yenye 20 hivi. Mfupi achukue mnene, au achukue alumini ndogo ya lita 9. Ukibadilisha kipenyo, legeza mkanda wa jaketi na uupime upya. Na uuloweshe maji kabla ya kukaza, kwa sababu mkanda mkavu ukilowa hulegea na mtungi unateleza chini ukiwa katikati ya mbizi.

Ukinunua mtungi uliotumika, soma maandishi ya begani kabla ya kuzungumza bei. Mitungi ya alumini ya kampuni ya Luxfer iliyotengenezwa Marekani kabla ya katikati ya 1988 ni ya mchanganyiko wa alumini uitwao 6351, ambao hupata nyufa shingoni kwa kubeba presha miaka mingi. Baadaye wakahamia 6061. Wa zamani uache, hata ukiuzwa bei ya kutupwa. Angalia pia thredi za shingo, yaani mikato ya kuskrubia valvu. Zipo za M25 (milimita 25) na zipo za inchi 3/4, na valvu ya M25 huweza kuingia kwenye shingo ya inchi 3/4 ikashika kwa ncha tu. Mikononi inaonekana imekaa. Kwenye kompresa huchomoka kama kombora, na imeshaua. Namba za valvu na za shingo zilingane, usikubali neno la mtu. Na mtungi wa alumini uliopakwa rangi ya kuokwa kwenye oveni usiujaze kabisa: joto hilo hulainisha alumini.

Chuma kinataka matunzo zaidi. Vua buti la mpira kitakoni kila baada ya siku chache, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi inajificha humo na kutu inakula bila kuonekana. Usiumalize mtungi wowote. Bakiza baa 20 au zaidi ili maji yasiingie kupitia valvu.

Kipimo cha risasi kifanye mwisho wa mbizi, geji ikiwa baa 50. Toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishikilie: maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukilazimika kupima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2 kwa mtungi wa lita 11, kwa ajili ya hewa utakayoitumia. Na ukitoka baharini kwenda kuzamia Ziwa Tanganyika, maji yasiyo na chumvi hayabebi kama ya bahari: mtu na vifaa vyake, kwa jumla ya kilo 100, avue kilo 2.5 za risasi kabla hajaingia.