Trena ya baiskeli ya ndani kwa msimu wa mvua

Ndugu, umeuliza ununue trena gani, yaani kile kifaa cha kushikilia baiskeli ili ukanyage papo hapo ndani ya nyumba. Kwa kuwa unaishi ghorofani Kisumu na mvua za Machi hadi Mei zinakukuta jioni ukitoka kazini, mimi ningechukua trena ya majimaji, ile inayobana gurudumu la nyuma na kulitia uzito kwa majimaji yaliyo ndani yake. Ya sumaku ni nafuu, lakini kelele yake itawasumbua majirani wa chini. Ya majimaji huongeza uzito yenyewe kadiri unavyokanyaga kwa kasi, tena haihitaji umeme: stima ikipotea unaendelea tu. Zile za kutoa gurudumu kabisa ni tulivu zaidi na hazili tairi, ila bei yake ni kubwa mno kwa anayeanza.

Kabla ya kulipa, tazama ekseli ya nyuma, kile chuma cha katikati ya gurudumu. Baiskeli yako ya mtumba ikiwa na ekseli ya kufungwa kwa nati, trena nyingi haziishiki vizuri bila adapta (kipande cha kuunganishia), kwa hiyo uliza mapema. Tairi la meno litoe uweke laini, maana la meno hutetemesha nyumba nzima. Na feni tafadhali, au angalau dirisha wazi! Ndani hakuna upepo wa kukupoza, na joto la Kisumu litakumaliza kabla miguu haijachoka.