Seli za betri ya mashine ya bustani: pima kwanza, unga baadaye

Betri ya volti 18 ya mashine yangu ya kukatia ua ilipokufa, nilizunguka maduka ya Darajani siku mbili nisipate ya kuibadilisha, nikarudi nyumbani Fuoni nikiwa nimeshaamua kuiunda mwenyewe. Kosa nililolifanya mara ya kwanza ndilo ninaloliandikia hapa, kwa sababu ni rahisi mno kulifanya.

Nilipasua betri kuukuu za kompyuta ya mkononi, nikatoa seli tano za 18650, zile zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, nikaziunga kwa mfuatano, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, ili volti zijumlike. Kila seli ina volti 3.6, hivyo hesabu ilitimia. Mashine ilikata michongoma kwa dakika chache tu, kisha betri ikapata moto hata sikuweza kuishika. Volti zilikuwapo, kilichopungua ni uwezo wa kutoa ampea nyingi kwa mara moja, kwani seli za kompyuta hutoa umeme polepole, ilhali mota ya kukatia huvuta kwa nguvu kila meno yanapokwama kwenye kijiti kigumu.

Kwa hiyo nunua seli mpya zilizotengenezwa kwa mashine za kazi, zote za aina moja. Zichaji hadi volti 4.2, ziache wiki mbili, kisha zipime kwa mita. Itakayokuwa imeshuka kuliko wenzake usiitie, kwani kwenye mfuatano seli dhaifu humalizika kwanza na huharibiwa na zilizobaki. Bodi ya ulinzi inayoangalia kila seli ni ya lazima, pamoja na chaja ya lithiamu inayokoma kwenye volti 21.

Usichomee kwa risasi moja kwa moja juu ya seli, maana joto huiharibu ndani. Tumia mashine ya nukta, ile inayounganisha vyuma kwa mpigo mfupi wa umeme, na vibamba vya nikeli halisi. Mimi hukwaruza kibamba kwa tupa na kukilaza usiku kucha ndani ya maji ya bahari: kikitoka na kutu, ni chuma kilichopakwa nikeli.

Juu ya ncha chanya bandika duara la karatasi ngumu, kwa kuwa ukingo unaoizunguka ni hasi, na ganda la plastiki likichubuka hapo, kibamba hugusa pande zote mbili. Chaji ya kwanza ifanyie uani, juu ya saruji, ukiwa umekaa karibu.