Jina Lipi Libaki Kwenye Ramani ya Barabara?

Niliwahi kufanya kazi kwa miaka minne katika ofisi inayochora ramani rasmi ya barabara ya jimbo moja la Marekani, ile inayogawiwa bure kwenye vituo vya mapumziko kando ya barabara kuu, na huko nilitambua kwamba kuchora ni kazi nyepesi kuliko kukataa. Karatasi haiongezeki. Kwa kipimio cha 1:1,000,000 milimita moja hubeba kilomita nzima, hivyo mstari wa barabara wenye unene wa milimita 0.8 umekwishafunika mita 800 za ardhi kabla hujaandika namba ya barabara, jina la mji wala mpaka wa kaunti.

Mchoraji mgeni, kama nilivyokuwa mimi, hukimbilia idadi ya watu: makazi yenye watu wachache ndiyo yanayoondolewa kwanza. Nakushauri usianzie hapo. Mwaka 2006 idara ya uchukuzi ya jimbo la Georgia iliondoa kwenye ramani yake majina 488 ya makazi madogo, likiwamo Poetry Tulip, kwa nia njema kabisa ya kupunguza msongamano. Wenyeji wakalalamika, na majina yakarudishwa. Makazi ya aina hiyo aghalabu hayana halmashauri wala posta, kwa hiyo huenda ramani ikawa ndiyo karatasi pekee ya serikali inayoyataja.

Kosa langu lilikuwa dogo zaidi. Palikuwa na njiapanda yenye kanisa, kikosi cha zimamoto cha watu wa kujitolea na nyumba zipatazo kumi, na jina lake liligongana na namba ya barabara kuu, nami nikalifuta. Baada ya ramani kutoka, mama mmoja alipiga simu akanieleza, bila ukali wowote, kwamba wageni waliokuwa wakienda mazikoni waliliona jina hilo kwenye kibao, wakalitafuta kwenye ramani wasilipate, wakadhani wamepotea na kuendelea hadi kaunti ya pili. Nilikosa la kumjibu.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza limekuwa hili: je, dereva atalikuta jina hili kwenye kibao, mahali anapopaswa kuamua kukata kona au kwenda mbele? Kama atalikuta, libaki hata kama nyumba ni tatu. Mji wa watu elfu nane uliokwisha kumezwa na jiji, ambao hakuna kibao cha barabara kuu kinachoutaja, unaweza kuandikwa kwenye ramani ndogo ya jiji iliyo pembeni. Barabara nazo ni vivyo hivyo: ya changarawe iliyo njia pekee ya kufikia kivuko ina haki kuliko ya lami inayokwenda sambamba na barabara kuu.

Utaombwa mengi na wenye hoteli, mapango na viwanja vya gofu. Wapeleke upande wa nyuma wa karatasi, pamoja na salamu za gavana na picha yake, na uandike kwenye daftari sababu ya kila jina ulilolikubali au kulikataa, kwa kuwa toleo lijalo huenda likachorwa na mtu mwingine.

Kagua pia kingo za ramani, ng'ambo ya mpaka wa jimbo lako, ambako hakuna mwenyeji atakayekupigia simu. Ramani ya Michigan ya mwaka 1978 ilionyesha miji miwili isiyokuwapo, Goblu na Beatosu, na yote miwili ilikuwa ndani ya jimbo jirani la Ohio. Ulikuwa utani wa washabiki wa chuo kikuu cha Michigan dhidi ya mahasimu wao wa kandanda ya Kimarekani, chuo kikuu cha Ohio State (OSU): majina hayo ukiyatenganisha ni "Go Blue", kaulimbiu ya Michigan, na "Beat OSU", yaani ishindeni OSU. Utani huo ulichapwa kwa fedha za umma.

Jina la ile njiapanda lilirudi katika toleo lililofuata, upande wa kushoto wa barabara, kwa herufi ndogo kabisa tulizokuwa nazo. Ili kulipatia nafasi niliondoa alama ya uwanja wa gofu, na hakuna aliyepiga simu kuuulizia.