Barua kwa mwanangu: muulize waziwazi

Mwanangu,

Ujumbe wako kutoka Tabora nimeusoma mara tatu. Askari mwenzako wa zamu ya usiku amekwambia, "Heri nilale nisiamke," na wewe unaniuliza: nikimtajia kujiua, si nitamtia wazo ambalo hana?

Hutamtia. Muulize leo mkiwa wawili, bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Anayeulizwa hivyo na mtu anayemjali hupata pa kutua mzigo. Akikubali, usimhubirie. Kaa naye, kisha mpeleke hospitali ya Kitete akaonane na daktari.

Kinachonitia hofu ni bunduki. Saa mbaya hupita, mwanangu, ila isimkute askari na silaha begani. Kabla hajaingia lindo, mwone mkuu wa kituo faraghani, umwombe ampe kazi ya mezani kwanza. Utaambiwa umemchongea. Kubali kuambiwa.

Anaogopa kusema, nami namwelewa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na sisi ndio tunaotumwa kukamata. Lakini kusema "nimezidiwa" si kosa.

Mimi sikusema. Mwaka 1996, vita vilipolipuka Kongo, wakimbizi walivuka ziwa kuja huku Kigoma, nami nikawa zamu ufukweni usiku baada ya usiku. Niliyoyaona yaliniondolea usingizi kwa miaka. Hata hivyo, na hili nimelitambua uzeeni, kilichonichosha zaidi yalikuwa mambo ya kazini kwenyewe: likizo kufutwa, uhamisho wa ghafla nanyi mko shuleni, mkopo uliokula mshahara, mkubwa wangu mmoja kunijibu "askari halii." Nikaikimbilia pombe. Ilinilaza, haikunipumzisha, na mama yako aliumia kuliko mimi.

Nilianza kupata nafuu siku nilipomweleza askari mwenzangu, tumekaa Kibirizi dagaa wakianikwa mchangani. Hakunipa ushauri wowote. Alisikiliza, na kesho yake akarudi. Basi mwenzako naye muulize habari za deni, za nyumbani, za usingizi, na kesho urudi.

Na wewe je, unalala? Usinijibu "sijambo, baba." Nipigie ukitoka zamu, hata ikiwa saa kumi alfajiri. Simu nalala nayo chini ya mto.

Baba yako,
Ujiji