Siku ya mapumziko ni yako, ondoka wodini

Ndugu, umeuliza kama ni vibaya kuondoka hospitalini unakojitolea ugenini siku yako ya mapumziko ilhali wagonjwa ni wengi na wauguzi wenyeji wako zamu. Si vibaya hata kidogo. Mtu aliyechoka hukosea dozi, na anayeumia ni mgonjwa. Muage tu msimamizi, umwambie unakokwenda.

Ninachosisitiza zaidi ni barabara. Wengi wanaojitolea huogopa maambukizi, kumbe ajali za barabarani ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasafiri wenye afya njema. Usipande pikipiki bila helmeti, na safari za usiku ziepuke. Kama uko eneo la malaria, dawa ya kinga haina likizo. Ikiwa ni doksisaiklini, jikinge na jua kwa sababu ngozi huungua upesi. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha utafute chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Muuguzi mwenzako akikukaribisha kwake, nenda. Utaokota lugha zaidi kuliko wiki nzima ya kazi.