Mwanangu, na Texas ina katiba yake

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako niliusikiliza barazani baada ya alasiri, nikacheka peke yangu. Unajisomea mtihani wa uraia wa Marekani, kitabu kinakwambia sheria kuu ya nchi ni Katiba. Jirani naye anakwambia ametoka kupiga kura kurekebisha katiba ya jimbo la Texas. Unauliza, nchi moja ina katiba ngapi?

Hamsini na moja. Moja ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, na kila jimbo na yake. Na wewe mtoto wa Unguja unashangaa nini? Hapa kwetu tuna ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984. Tanganyika ndiyo haina yake, lakini hilo tuliache, daktari kanikataza kupandisha presha.

Huko majimbo yalitangulia. Massachusetts iliandika katiba yake 1780, miaka saba kabla ya wajumbe kukutana Philadelphia kuandika ya shirikisho, na mpaka leo inaitumia. Zikigongana, Ibara ya Sita ya katiba ya shirikisho inasema yenyewe ndiyo ya juu. Kitabu chako hakikukosea.

Ila kuwa juu si kumeza. Chukua wazazi wa Edgewood, mtaa wa maskini huko San Antonio. Shule zilitegemea sana kodi ya majengo na ardhi, kwa hiyo penye nyumba duni na shule ilikuwa duni. Demetrio Rodriguez na wenzake walishtaki. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia, majaji watano kwa wanne: elimu haimo katika haki zilizolindwa na katiba ya shirikisho. Na kweli, ipekue yote, neno elimu hulioni.

Mwaka 1984 kesi ikafunguliwa upya, safari hii katika mahakama za Texas, mkononi wameshika katiba ya jimbo ya 1876. Hiyo inaliamuru Bunge la jimbo kuendesha shule za bure za umma, tena kwa ufanisi. Mwaka 1989 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas wakasema mfumo ule wa fedha unavunja katiba. Malalamiko yaleyale yaliyoshindwa Washington. Ndivyo ilivyo: jimbo haliwezi kukupunguzia haki ulizopewa na shirikisho, lakini kukuongezea linaweza.

Kuhusu kura ya jirani yako: katiba ya shirikisho imerekebishwa mara 27 tu, maana inataka majimbo 38 yaridhie. Ya Texas imerekebishwa zaidi ya mara 500, kwani theluthi mbili za kila baraza la Bunge zikikubali, wapiga kura wanamalizia kwa wingi wa kawaida. Mimi binafsi sipendi. Katiba inayofunguliwa kila uchao inageuka daftari la duka. Lakini ukishaapa, kapige kura hiyo. Fedha za shule ya mjukuu wangu zinaamuliwa humo.

Mama yako anauliza kama mdalasini umefika.

Baba'ako