Hereni zinawasha, bangili zinakatika, na hela haionekani

Swali: Shikamoo dada. Mi niko Tanga, natengeneza hereni za kushona kwa ushanga na bangili, nilianza kwa kupenda tu nikiwa chuo, sasa hivi watu wanaagiza. Kuna wateja wawili wamerudisha hereni, wanasema masikio yanawasha na kutoa maji. Bangili nazo zinakatika, zingine hata mwezi haufiki. Alafu bei, nauza hereni pea 5,000, hela naiona inaingia ila mwisho wa mwezi sioni kitu. Vifaa nafuata Kariakoo kila baada ya miezi miwili. Binamu yangu yuko Ujerumani anataka nimtumie pea 30 akauze, naogopa. Je niache kibarua cha dukani nifanye hiki tu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo ila ukiyaangalia vizuri ni jambo moja, kwamba akili yako yote iko kwenye ushanga. Kinachokuumiza ni vile usivyoviangalia, ndoano inayoingia sikioni, uzi, na masaa yako.

Tuanze na masikio maana hilo ndio la hatari. Wale wateja wawili waambie waache kuvaa hereni yoyote mpaka wapone, na kama kuna usaha waende hospitali, usiwape ushauri wa spiriti na chumvi. Kinachowasha mara nyingi ni nikeli, metali nyeupe inayopakwa juu ya vyuma ili ving'ae. Zile ndoano za kung'aa zinazouzwa kwa pakiti ya mia mia, bei ya kutupa, mara nyingi ndani ni chuma au shaba ya njano, imepakwa nikeli, juu yake imepakwa rangi ya fedha au dhahabu nyembamba sana. Jasho la pwani linaila ile rangi, nikeli inakutana na ngozi, na mtu akishapata mzio wa nikeli basi, anao maisha yake yote. Sasa mteja hatajua ni ndoano, atasema "hereni za yule dada zinawasha", na hilo neno linatembea kuliko tangazo lolote utakalolipia.

Kwahiyo ndoano nunua za stenlesi, uliza ile inayoandikwa 316L. Hapa watu wengi wanachanganya, stenlesi nayo ina nikeli ndani, asilimia 10 mpaka 14 hivi, ila imefungiwa na kromu inayotengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma, kwahiyo inayotoka ni kidogo mno na wengi haiwasumbui. Mwenye mzio mkali mpe titani, au silva halisi yenye muhuri wa 925, maana yake kwenye kila sehemu elfu moja fedha ni 925 na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Ukiambiwa "fedha ya Kijerumani" kimbia, ile haina hata chembe ya fedha, ni shaba, zinki na nikeli yenyewe. Na usidanganywe na mtu anayekupimia kwa sumaku, sumaku haikwambii kama nikeli inatoka au haitoki. Kuna dawa ya kupimia, unaidondoshea kwenye pamba unasugua chuma, pamba ikigeuka pinki nikeli ipo. Kichupa kimoja kinapima mamia ya vipande, agiza hata mchangie na wenzako.

Hapo hapo nikujibu la Ujerumani, maana ni hilo hilo. Umoja wa Ulaya una sheria ya nikeli tangu 1994, na sasa inataka kitu kinachokaa kwenye ngozi muda mrefu kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki, na kile kinachopita kwenye tundu la sikio ni 0.2 tu. Risasi (ile metali, sio ya bunduki) na kadimiamu, zote sumu, nazo zina kikomo chake kwenye vito. Binamu akiuza kwa marafiki sebuleni huenda asiulizwe, ila akipeleka dukani au akifungua ukurasa wa kuuza ataulizwa karatasi, kwahiyo ndoano za pea zile 30 nunua kwa muuzaji anayeweza kukuandikia zimetengenezwa kwa kitu gani. Na tafadhali, najua hapo pwani kuna watu bado wanakuja na vipande vya gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, wanakwambia ni vya bibi, usiguse kabisa, biashara ya ng'amba ya kimataifa imepigwa marufuku na mzigo ukifunguliwa uwanja wa ndege mwenye kesi ni wewe uliyeandikwa kwenye boksi.

Haya, bangili. Hujaniambia unatungia nini lakini nahisi ni mshipi wa kuvulia, ule wa plastiki unaoonekana kama maji. Nilifanya kosa hilo hilo miaka yangu ya mwanzo, nilipewa oda ya bangili 40 za wasimamizi na ndugu wa bibi harusi, nikatunga kwa mshipi, nikachanganya na zile shanga ndefu za mrija kwa sababu zinang'aa vizuri usiku, kufika wakati wa kukata keki shanga zinatembea sakafuni kama mchele. Nilirudisha hela yote na nauli juu. Mshipi ukikunjwa unakumbuka mkunjo, fundo linateleza, jua na jasho vinaufanya mkavu unavunjika. Na zile shanga za mrija zimekatwa tu, ncha zake ni wembe, ukizitumia lazima uweke kashanga kadogo ka duara kila upande ili uzi usiguse ncha.

Wewe uko Tanga, una bahati ambayo mtu wa Dodoma hana. Nenda maduka ya zana za uvuvi uulize uzi wa kuvulia wa kusuka, sio ule wa plastiki, wenye nguvu ya ratili (lb) sita mpaka nane. Ni mwembamba unapita kwenye sindano ya ushanga hata mara tatu, hauvutiki, haukatiki hovyo, na hata nje washonaji wa ushanga wanautumia huo huo. Kwa mkufu au bangili yenye mawe mazito tumia waya laini uliovikwa nailoni, wenye nyuzi 49 ni laini kuliko wa nyuzi saba, ncha unazibana kwa kile kishanga cha kubana na plaizi yake, usizibane kwa meno, nawajua nyie. Kama ni bangili za lastiki chukua ya milimita 0.8, ivute kwanza kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kutunga la sivyo itajivuta yenyewe mkononi kwa mteja na kuacha mapengo, piga fundo la kuzungusha mara mbili, dondosha gundi inayobaki laini. Supagluu hapana. Supagluu ikikauka inakuwa kama kioo na inakata lastiki pale pale kwenye fundo.

Zile pete ndogo za kuunganishia pia, ukizifungua usizitanue kama mdomo, sukuma ncha moja mbele nyingine nyuma, ukifunga zirudishe hivyo hivyo mpaka zigusane. Ukizitanua hazirudi duara tena na ndipo hereni inapodondokea kwenye daladala. Na shanga mpya kabla hujazitumia loweka chache usiku kucha kwenye maji ya sabuni, alafu nyingine sugua kwa pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, ikitoa rangi hiyo siyo ya kuuzia mtu anayevaa gauni jeupe.

Kama una vitu vya brasi, ile shaba ya njano, ujue hewa ya chumvi ya huko inaifanya iwe nyeusi haraka kuliko bara, tunza kwenye vifuko vya zipu na kipande cha chaki ndani kinyonye unyevu, na mteja mwambie mapema, ikichakaa asugue kwa ndimu na chumvi, aoshe, akaushe. Ngozi kuwa kijani ni shaba inakutana na jasho, haina madhara, ila usipomwambia kabla atakuja kukwambia yeye baada.

Sasa hela. Nakuomba kitu kimoja, jioni ya leo shona pea moja ukiwa umewasha saa ya simu, kuanzia kuchagua shanga mpaka kuweka kwenye kadi. Usinambie "jioni moja", nambie masaa. Hereni za kushona kama unazozieleza sidhani kama zinapungua masaa matatu. Tuchukulie shanga, uzi, ndoano, kadi na kifuko ni 1,500. Safari ya Kariakoo na bando tuseme 60,000 kwa miezi miwili, na ndani ya hiyo miezi umeuza pea 40, kila pea imebeba 1,500 ambayo hukuiona. Hiyo 3,000 imeshaondoka, kwenye 5,000 umebaki na 2,000 kwa masaa matatu. Mia sita na kitu kwa saa. Na hapo hatujahesabu zilizoharibika, za kumpa shangazi bure, na pea mbili ulizorudishiwa. Ndio maana hela huioni, haijaibiwa, haikuwepo.

Jilipe hata 2,000 kwa saa. Masaa matatu 6,000, ongeza ile 3,000, inakuwa 9,000, weka asilimia 20 ya faida ya biashara (ya biashara, sio yako, hiyo ndio itanunua pakiti inayofuata) unafika 10,800, sema 11,000. Na sikiliza, hiyo ni bei ya jumla. Mwenye duka Zanzibar au binamu Ujerumani akichukua naye lazima aongeze chake, mara nyingi anazidisha mara mbili, kwahiyo rejareja ni 20,000 kwenda juu na wewe pia ukiuza mwenyewe uza hivyo hivyo, ukimuuzia mtu wa mtaani 11,000 wakati duka linauza 22,000 umemuua aliyekubeba.

Nakusikia unasema Tanga nani atanunua hereni za 20,000. Wachache, kweli. Usishushe bei, tengeneza kitu kingine cha dakika 15, waya, shanga tatu zilizochaguliwa kwa jicho lako, ndoano nzuri. Vifaa 800, muda wako 500, safari ikigawanywa kwenye vitu vingi inashuka tuseme 500, jumla 1,800, ongeza asilimia 20 ni 2,160. Jumla unatoa 2,500, rejareja 5,000. Umeona? Ni ile ile 5,000 unayouza leo ila badala ya masaa matatu ni robo saa. Hizo ndizo zitalipa kodi, zile za kushona zitakujengea jina. Ila usishindane na hereni za Kichina za buku, hutaweza, na usikimbilie kuiga shanga za Kimasai kwa sababu watalii wanazipenda, Arusha kuna kina mama wanashona huku wanapiga stori hawaangalii hata mikono. Wewe una kikuku, kipini, kishaufu, una rangi za kanga, hivyo vya kwenu bado hajavichezea mtu vya kutosha.

Dukani wakikwambia uache mzigo mali kauli, yaani ulipwe ukishauzwa, kubali pea chache tu, andika karatasi yenye idadi, bei na tarehe ya kuja kukusanya, piga picha. Bila karatasi mali kauli ni zawadi. Oda za harusi chukua nusu kabla hujakata hata uzi, na meseji ya malipo usiiamini mpaka uangalie salio mwenyewe. Namba ya mlipa kodi TRA wanatoa bure, jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao, leseni halmashauri. Daftari anza leo hata kabla ya hayo, maana kwenye kodi ya wafanyabiashara wadogo asiyeweka kumbukumbu ndiye anayebanwa zaidi.

Kibarua usiache. Sio sasa. Hicho kibarua ndio mtaji wako usio na riba, na hapo dukani unakutana na watu kila siku, vaa hereni zako mwenyewe kazini uone wangapi wanauliza. Kama ni pea 40 hivi kwa miezi miwili bado mapema mno, ngoja daftari likuonyeshe miezi sita mfululizo ambayo vito vimekulipa wewe mshahara ukiacha faida ya biashara, tuongee tena.

Kuhusu zile 30 za binamu anza na kumi, ndoano 316L au silva, uzi wa kusuka, na kabla hujafunga boksi nitumie picha ya pea moja. Mbele sina haja ya kuona, najua pazuri. Nipigie picha ya nyuma, pale fundo lilipo.